Ukimya wa Ndegeni na Watoto wa Manda: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Safari za Ndege

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini Kenya (KCAA), na kwa wakurugenzi wa mashirika yote ya ndege yanayotua Manda, uwanja wetu wa Lamu, na Malindi.

MINTARAFU: PENDEKEZO LA KUWATENGA WATOTO NDEGENI

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimeketi barazani kwangu Langoni, na mkoba wa safari haujafunguliwa bado, nililetewa dodoso simuni na shirika moja la ndege ambalo sina haja ya kulitaja. Waliniuliza kama wahudumu walikuwa na adabu, nikajibu ndiyo; kama ndege ilikuwa safi, nikajibu ndiyo; kisha likaja swali la saba, kwamba je, ningekuwa tayari kulipa nauli ya juu zaidi ili niketi sehemu isiyokuwa na watoto, au nisafiri kwa ndege isiyochukua watoto kabisa. Chini yake palikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha la. Nilibofya la. Lakini la yangu ina maelezo, na dodoso halikuacha nafasi ya maelezo, ndiyo sababu ninayaleta hapa mbele ya watu, kwa kuwa sidhani swali hilo niliulizwa mimi peke yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na kitu, kwa hiyo vilio vya watoto ninavijua kimoja kimoja: kipo cha njaa, kipo cha usingizi, kipo cha ukaidi, na kipo cha maumivu, ambacho hakifanani na kingine chochote. Hata hivyo sitajifanya walii. Mwaka nilioenda Umra, katika ndege ya usiku ya kwenda Jeddah, mtoto wa safu ya nyuma yangu alilia tangu tulipopaa hadi sahani za chakula zilipoondolewa, nami nilikuwa sijalala siku mbili kwa shughuli za safari. Niliketi na tasbihi mkononi, na moyoni nikitamani mamake ahamishiwe mkiani mwa ndege. Mtu aliyetia nia ya ibada, na mawazo kama hayo! Basi anayesema kwamba kilio cha mtoto ndegeni kinachosha, mimi si wa kumpinga. Anayesafiri usiku ili asubuhi aingie kazini, mgonjwa wa kipandauso, mtu anayewahi maziko, wote hao wana sababu njema ya kutaka utulivu, na sikuiandika barua hii kuwabeza.

Upande wa pili nao ninaujua. Mjukuu wangu, ambaye sasa ana miezi ishirini, alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, na kila baada ya miezi mitatu hana budi kurudi kwa daktari yuleyule aliyempasua. Mamake ameajiriwa na ruhusa za kazini ni za kuhesabu, hivyo anayempakata ndegeni mara nyingi ni mimi. Ninajua jinsi shingo za watu zinavyogeuka. Ninajua pia yule abiria anayekuona ukiingia na mtoto, akaangalia namba ya kiti chako, kisha akaangalia namba ya kiti chake, na uso ukamshuka kabla mtoto hajafungua hata kinywa.

Wazo la kuwatenga watoto si geni. Mwaka 2011 Malaysia Airlines iliwazuia watoto wachanga katika daraja la kwanza la ndege zake kubwa, na mwaka uliofuata, ilipoanza kurusha Airbus A380 yenye ghorofa mbili kati ya Kuala Lumpur na London, ikawazuia walio chini ya miaka 12 kuketi katika daraja la kawaida la ghorofa ya juu. AirAsia X ilifuata mwaka 2013 kwa kutenga safu saba za mbele za daraja la kawaida, na mwaka huohuo Scoot ya Singapore ikatenga safu tano, kuanzia ya 21 hadi ya 25, kwa malipo ya ziada. IndiGo ya India ilikuja mwaka 2016 na safu ya 1 hadi ya 4, kisha ya 11 hadi ya 14. Mwaka 2023 Corendon ilitangaza kwamba katika safari zake za kati ya Amsterdam na Curaçao, sehemu ya mbele ya Airbus A350 itakuwa ya watu wenye miaka 16 na zaidi pekee: viti 93 vya kawaida kwa nyongeza inayoanzia euro 45, na viti 9 vyenye nafasi kubwa ya miguu kwa euro 100.

Nimeyataja haya yote kwa sababu anayeyatazama kwa makini ataona mambo ambayo dodoso halikuyasema. Hakuna hata shirika moja kati ya hayo lililowashusha watoto ndegeni; yote yalitenga safu, daraja au ghorofa, na watoto wakaendelea kusafiri katika ndege ileile, saa ileile. Dodoso letu limekwenda mbali kuliko wao, kwa kuuliza habari ya ndege nzima. Kisha utazame umri. Msichana wa miaka kumi na tatu alihesabiwa mtu mzima na Malaysia Airlines na mtoto na Corendon, na sidhani sauti yake hubadilika anapovuka kutoka shirika moja hadi jingine. Kama kitu kilichopimwa kingekuwa kelele, mipaka hiyo ingekaribiana; kilichopimwa, kwa maoni yangu, ni kiasi ambacho mtu atakubali kutoa mfukoni. Na zile safu za IndiGo zilinichekesha kidogo, kwa sababu kati ya safu ya 4 na ya 11 zipo safu sita ambazo mtoto anaruhusiwa kuketi, naye akilia katika ya 7 atawasikilizisha waliolipa mbele na waliolipa nyuma kwa usawa kabisa. Sauti haisomi namba za viti, wala haisimami kwenye pazia.

Lakini hayo ni mambo ya ndege kubwa za masafa ya mbali, na wenye ndege hizo wana nafasi ya kujaribu. Yanayonihusu ni ya huku kwetu.

Ndege zinazotua Manda na Malindi ni za aina mbili hivi. Ipo Dash 8, ambayo ile ndefu ya familia hiyo huchukua abiria 78, wawili kushoto na wawili kulia, na panka zinazonguruma nje ya dirisha. Na ipo Cessna Caravan, yenye injini moja na viti 12 hivi, ambamo abiria wa kwanza anaiona kola ya rubani na wa mwisho anasikia mizigo ikigongana nyuma yake. Ninawaomba wakurugenzi wanieleze, katika Caravan, pazia litatundikwa wapi. Hata katika Dash 8, safu tano za mbele zikitengwa, mtoto wa safu ya 6 atakuwa nyuma ya kichwa cha mtu aliyelipa nyongeza ya ukimya, naye mtu huyo atakuwa na hasira maradufu, ya kilio na ya pesa zake. Muhudumu ndiye atakayesimama katikati ya hasira hiyo, kisha ataigeuza kwa mama mwenye mtoto, kwa kuwa mama hawezi kudai kurejeshewa chochote.

Ikiwa safu haziwezekani, kitakachobaki ni ndege isiyochukua watoto kabisa, na hapo ndipo ninapoomba mnisikilize kwa utaratibu. Ninao jamaa Malindi wenye nyumba za wageni, nao huniambia kwamba zipo hoteli ulimwenguni zisizopokea watoto na hakuna anayelalamika, basi kwa nini ndege ilaumiwe? Jawabu langu ni kwamba hoteli ina jirani. Mgeni aliyekataliwa na mtoto wake hapa hupiga hatua mia mbili ufukweni akapokelewa pale. Ndege ya Manda haina jirani. Kwa siku hutua chache za kuhesabu, na moja ikifanywa ya watu wazima pekee, mtoto atakuwa amenyang'anywa saa hiyo ya siku, na nafasi zilizobaki zitagombaniwa na familia zote pamoja. Watu wa Nairobi, wakiikosa ya saa nne, wataipanda ya saa nane. Sisi tukiikosa tunalala, na aliyelala Nairobi na mgonjwa anajua gharama ya usiku mmoja.

Wala msituambie kwamba ipo barabara. Kutoka Lamu unavuka kwanza kwa boti hadi Mokowe, ukapande basi linalopita Witu na Garsen, na hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Lami imekuja na tunashukuru. Lakini tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 njia hiyo imejua vizuizi vya askari na misafara ya kusindikizwa kwa vipindi ambavyo hakuna anayevitangaza mapema. Ukifika Mombasa bado una treni au basi jingine la kwenda Nairobi. Mtoto aliyetolewa bendeji ya jicho juzi hapelekwi safari ya namna hiyo akiwa na mwanamke wa miaka sitini na mitano, ila kwa dharura. Pale gatini Manda, wakati boti zinapopakia kuelekea mjini, simama uwatazame wanaoshuka: wapo wageni wa kofia za ukindu, naam, na wapo pia akina mama wenye bahasha za picha za eksirei, watoto wenye bandeji, na wanafunzi waliofunga shule. Kwa mgeni ndege ni starehe aliyoichagua, na anaweza kuichagua nyingine. Kwa hawa ni daraja la kuvukia, na mwenye kumiliki daraja hawezi kuuza ukimya wake kwa kuwazuia watoto wasipite.

Nimesema kwamba kilio cha maumivu nakijua. Kwa nini mtoto alie ndegeni kuliko anavyolia katika boti au katika tuk-tuk? Ndani ya kichwa upo mrija unaounganisha sikio la kati na koo, ambao kazi yake ni kusawazisha hewa ya pande mbili za kiwambo cha sikio. Kwa mtoto mchanga mrija huo ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, hivyo hauzibuki upesi. Mtu mzima humeza mate, hupiga miayo au hutafuna ubani, sikio likazibuka na mambo yakaisha. Mtoto hajui la kufanya, kwa hiyo hulia, na kulia kwenyewe humsaidia mrija kuzibuka. Kile ambacho abiria anakiita kelele ndiyo dawa aliyonayo mtoto.

Sasa itazameni safari yetu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Manda iko karibu na maji kiasi cha kuyaona mawimbi ukiwa bado mlangoni pa ndege. Katika ndege kubwa, hewa ya ndani huwekwa iwe sawa na ya mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Caravan haina mtambo huo. Hewa yake ya ndani ni hewa ya nje ya urefu inaporukia. Kwa vyovyote, anayetoka Nairobi tayari ameanzia juu, hivyo kupaa humsumbua kidogo, na uzito wote wa mabadiliko humwangukia wakati wa kushuka. Ndiyo maana watoto wengi katika ndege za pwani hutulia njia nzima, kisha wakaanza kulia wote kwa pamoja tunapoanza kuiona mikoko, na abiria wakauliza wana nini hawa, na wakati tumeshafika.

Dawa yake haina gharama hata ya shilingi moja. Mtoto anyonyeshwe, apewe chupa au maji ya kumeza tangu ndege inapoanza kushuka, na kama amelala aamshwe kabla, kwa maana aliyelala hamezi mara nyingi. Haya niliambiwa na muuguzi, wala si na muhudumu wa ndege. Katika safari zangu zote na mjukuu wangu nimesikia matangazo ya mikanda, ya simu, ya meza za kukunja na ya halijoto ya tunakokwenda. Sijapata hata siku moja kusikia tangazo la kuwaambia wazazi kwamba tumeanza kushuka, wapeni watoto kitu cha kunyonya sasa. Kinachotangazwa ni kutua, na kutua kukitangazwa, sikio limeshauma robo saa nzima. Rubani anajua dakika anayoanza kushuka. Aseme.

Sababu ya pili ya vilio haiko hewani kabisa. Mwaka jana, katika uwanja mmoja ambao sitautaja na kwa ndege ya shirika ambalo sitalitaja, tulikaa saa tatu na nusu baada ya wakati wa kuondoka bila ya mtu yeyote kutujia na neno. Tulikuwa na watoto watano wadogo baina yetu. Maziwa niliyoyapima kwa safari ya saa moja na ushei yaliisha tukiwa bado tumekaa, maji ya kuchanganyia mengine yalikuwa yamezuiwa tulipokaguliwa, na pa kumbadilishia mtoto nepi hapakuwapo ila juu ya mapaja yangu. Usingizi wake wa adhuhuri ulimpita. Tulipopanda hatimaye, akalia, na wale wengine wanne wakamwitikia. Bwana mmoja aliyeketi mbele yetu akamwambia muhudumu, kwa sauti ya kusikilizwa, kwamba watoto wangepaswa kuwa na ndege yao. Muhudumu akaniomba nihamie safu ya mwisho, mbali na binti yangu aliyekuwa na begi la mtoto, nami nikahama kwa kuwa sikutaka kugombana mbele ya watu. Sikumchukia yule bwana. Naye alikuwa amekaa saa tatu na nusu. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kwa nini hasira ya wote wawili haikuelekezwa kwa aliyetuchelewesha, bali ilimshukia aliyekuwa mdogo kuliko wote ndani ya ndege ile, asiyeweza kusema kwamba ana njaa.

Mimi si wakili, ila Katiba ya mwaka 2010 ninayo nyumbani na niliisoma na wanangu. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, umri umetajwa humo kwa jina, na katazo hilo halikuwekewa Serikali peke yake. Ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto yana umuhimu wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Anayetaka kuuza tikiti za ndege isiyochukua watoto katika njia isiyokuwa na usafiri mwingine wa maana, na aanze kwa kueleza vipi atapita baina ya ibara hizo mbili. Na kwa haki ya upande wa pili, ibara ya 46 inampa kila mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, na yule anayetaka utulivu ni mtumiaji pia.

Kwa ajili yake huyo, zipo njia nisizozipinga. Japan Airlines huonyesha alama ya mtoto katika ramani ya viti pale abiria anapochagua kiti chake, ili ajue mahali ambapo wamekaa walio na umri wa siku 8 hadi miaka miwili. Wapo waliokasirishwa na jambo hilo. Mimi silioni kuwa baya. Hakuna mtoto aliyehamishwa, hakuna mzazi aliyelipishwa, na asiyependa akakaa mbali kwa hiari yake. Hata nami, nikisafiri peke yangu nimechoka, ningeitazama hiyo ramani. Vilevile katika safari ndefu, mathalani ile ya Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2018 ni kukaa angani kiasi cha saa kumi na tano, sioni ubaya wa kutenga safu za utulivu, maadamu ndege ile ya Boeing 787 ina viti 234 na nafasi ya kupanga watu.

Sharti langu ni moja: ziwe za utulivu kweli. Safu inayomkataza msichana wa miaka tisa anayesoma kitabu chake kimya, na kumruhusu mtu mzima anayetazama video simuni bila ya kuweka visikizi, si safu ya utulivu. Katika maisha yangu ya kusafiri nimesumbuliwa na watoto mara mbili au tatu. Watu wazima siwahesabu: waliolewa, waliokoroma mdomo wazi, waliosimulia biashara zao za viwanja kutoka Nairobi hadi Malindi kwa sauti ya mnadani. Kama kanuni itatungwa, imhusu mwenye kelele, awe na miaka minne au hamsini na minne, na muhudumu awe na ruhusa ya kumwambia aliyelipa nauli kubwa kwamba punguza sauti, bwana.

Nilipata pia kusoma kwamba mwezi wa Mei mwaka 2016, JetBlue ya Marekani, katika safari moja ya kutoka New York kwenda Long Beach, iliwaambia abiria kwamba kila mtoto atakapolia watapunguziwa asilimia 25 ya nauli ya safari nyingine, na vilio vikifika vinne watapewa tikiti ya bure ya kwenda na kurudi. Vilifika vinne. Inasemekana watu walishangilia. Ilikuwa biashara ya matangazo tu, najua, na siwaombi mfilisike kwa vilio vya Manda. Lakini ninalitaja kwa sababu watoto walikuwa walewale na sauti zilikuwa zilezile.

Ninayowaomba, basi, si makubwa. Mamlaka iyaandikie mashirika kwamba mtoto na anayemsafirisha wasitenganishwe, na kwamba kuketi pamoja kusiwe huduma ya kuuzwa. Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilifungua ukurasa mwaka 2023 wa kuonyesha wazi ni mashirika yapi yanayoahidi jambo hilo bila malipo na yapi hayaahidi, na hata kwetu ukurasa kama huo haungeshinda uwezo wa ofisi yenye kompyuta moja. Mashirika yawafundishe marubani na wahudumu lile tangazo la kushuka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ndege ikichelewa, wenye watoto wawe wa kwanza kuambiwa na wa kwanza kupewa maji ya moto, na maji ya kuchanganyia maziwa yasichukuliwe ukaguzini bila ya kuwapo mengine upande wa pili. Pawepo ubao mmoja wa kubadilishia nepi, hata wa mninga, hata uliopigiliwa ukutani na fundi wa jahazi. Ninawajua mafundi na nitawaletea. Na lile swali la saba liondolewe katika dodoso la njia za pwani, au liongezewe kisanduku cha tatu kinachouliza ni nini kilichomliza mtoto.

Mjukuu wangu atatimiza miaka miwili kabla ya Maulidi ya Mfunguo Sita, na miadi yake ijayo ni wiki ya pili baada ya Maulidi hayo. Mpaka sasa amekuwa akipakatwa na kulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Safari hiyo atakuwa abiria wenu kamili, mwenye tikiti, jina na kiti chake mwenyewe. Pesa nimeshaanza kuziweka. Kabla ya kulipa ningependa kupata jibu lenu, kwa barua au kwa tangazo, kwamba kiti hicho kitakuwa karibu na changu, na kwamba ndege ya siku ile itamchukua.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu, mtaa wa Langoni, Lamu.